Kitabu cha Matonge ya Mwirigi

"Kama kuna mwongo hapa, ni hiyo mashine yenu," Wambeti alisema, na hakushusha sauti. "Kitabu changu hakina hata mstari mmoja wa uongo."

Runji, kijana wa lishe, alikuwa amekifungua kile kitabu juu ya meza, kidole chake kimekaa kwenye Jumanne. Siku hiyo watu wa kliniki ya sukari walikuwa wamejaa benchi mpaka mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa haufungi vizuri, kwa hivyo kila mtu alisikia. Mwirigi, mume wa Wambeti na mgonjwa mwenyewe, aliketi kati yao wawili akiangalia gambuti zake, vile viatu vya mpira vya shambani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi ya jirani.

"Mama, sijasema wewe ni mwongo."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema mtu anayekula hivi," Runji akagonga ukurasa, "ugali ngumi moja, mboga ya terere, maharagwe vijiko vinne, chai bila sukari, hawezi kuja hapa na sukari ya kumi na tisa. Dawa tumeongeza mara mbili. Kwa hivyo kuna chakula hakijaandikwa, ama..."

"Ama mimi nilikuwa naandika nikiwa usingizini."

Benchi likacheka. Runji hakucheka. "Hapa tunaona mengi, mama. Mtu anataka kutufurahisha, anaandika terere, na nyumbani wanakula chapati."

Chapati! Wambeti alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Tangu mwezi wa pili alikuwa hajasukuma chapati hata moja, hata Pasaka, hata Kanana, binti yake, alipokuja kutoka Nkubu anakofundisha na kuomba kwa mdomo wake. Alikuwa amewanyima watoto kwa sababu ya mdomo wa baba yao, na sasa mtoto wa mtu, tena wa upande wa Embu kama yeye, anamsomea chapati mbele ya benchi zima.

"Vua gambuti," Runji akamwambia Mwirigi.

Mwirigi akavua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kingo zake nyeupe, katikati hakutazamiki. Runji akakiangalia kwa muda, kisha akaangalia kitabu, kisha akamwangalia Wambeti.

"Nawapa wiki sita," akasema. "Sukari ikishuka, hiki kitapona. Isiposhuka, daktari hatakata kidole, atakata mguu. Nenda, mama, na uandike ukweli."

Wambeti akakinyakua kitabu chake na kukiweka kifuani chini ya sweta. Aliwapita watu wa benchi bila kumsalimia hata mmoja.

Wambeti alizaliwa Mbeere, upande wa Kiritiri, kwenye jua na ndengu na wimbi la uji. Shule alisoma mpaka darasa la saba. Mtihani alipita. Kaka yake, ambaye hakupita, ndiye aliyerudishwa shuleni kurudia, kwa sababu karo ilikuwa ya mtu mmoja, na Wambeti akapewa jembe. Hilo hakulizungumza sana. Lakini kumwambia hajui kuandika ilikuwa mbaya kuliko kumtukana. Mwandiko wake ulisimama wima, herufi hazigusani, na ndiyo maana akina mama wa kanisa walimfanya katibu wao miaka kumi na mmoja mfululizo, ingawa ulimi wake hawakuupenda.

Mwirigi alimkuta huko huko Kiritiri mwaka wa themanini na saba, alipokuja na lori la watu wa kununua ndengu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayecheka na meno yote. Alimleta kwao Kiirua, huko Meru, kwenye baridi na viazi, nyumbani kwa mama yake, Karambu. Karambu alimpokea vile mtu hupokea mvua akiwa ameanika mahindi. Alimwita "huyu wa Embu." Wambeti alijaribu mara moja kumweleza kwamba Mbeere si Embu hasa. Karambu akamwuliza kama huko Mbeere wanawake wanajibu mama mkwe.

Wakaishi hivyo. Watoto wakaja, wakakua, wakaenda. Mwirigi alikodisha mgongo wake: alikuwa mpiga dawa, pampu ya lita ishirini mabegani, akitoka shamba hili la viazi kwenda lile, gambuti miguuni tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mwaka wa elfu mbili na kumi alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka Isiolo kwa miguu. Alikonda, akaanza kukojoa kila saa. Walipompima walimwambia ni sukari. Na katika gambuti, bila yeye kusikia maumivu yoyote, kidole kikaanza kuoza.

Kliniki ilisema mambo mawili: dawa na kitabu. Kila kinachoingia mdomoni kiandikwe. Wagonjwa wengine walinunua vitabu vidogo vya kurasa thelathini na mbili, wakaandika siku nne, wakaacha. Wambeti alinunua cha kurasa mia mbili, kile kigumu cha juu. Akachora mistari kwa rula: tarehe, saa, chakula, kipimo. Kipimo cha Runji kilikuwa mkono wa mgonjwa mwenyewe, ngumi moja ya ugali, viganja viwili vya mboga. Basi Wambeti alimfanya Mwirigi afunge ngumi kando ya sahani, na ugali akaukata sawa na ngumi hiyo, huku akizunguka na kisu kama fundi wa viatu.

"Sasa hata mkono wangu unapimwa," Mwirigi alisema siku ya kwanza, akicheka.

"Ungechagua mkono mkubwa kabla hujaugua," Wambeti akamjibu.

Asubuhi alimpa yai moja la kuchemsha, chai bila sukari na kipande cha nduma kisichozidi kiberiti. Cha mchana alimfungia kwenye kontena. Jioni, kabla hajamwekea sahani, alifungua kitabu na kumwuliza kama karani.

"Cha mchana ulikula?"

"Nilikula."

"Chote?"

"Chote."

"Na kingine huko ulikokuwa?"

"Hakuna."

Naye akaandika: Hakuna. Jumatatu hakuna, Jumanne hakuna, kwa mwandiko ule ule uliosimama wima.

Karambu alimkuta akiandika katika wiki ya kwanza. Nyumba ya mama mzee ilikuwa juu, pale pale langoni, na hakuna mtu aliyeingia au kutoka katika boma lile bila kupita mbele ya mlango wake. Siku hiyo alishuka kuomba moto, akasimama nyuma ya bega la mkaza mwanawe.

"Unaandika nini, Mama Kanana?"

"Chakula cha Baba Kanana. Kliniki imesema."

"Anachokula?"

"Kila kitu. Na saa."

Mama mzee aliinama, akautazama ukurasa. Kisha akauliza, "Kwenu watoto wanahesabiwa?"

"Hapana."

"Ng'ombe?"

"Mama, huyu si ng'ombe."

"Hata ng'ombe hatumhesabu. Tunamwangalia, tunajua yupo. Na wewe unamhesabia mwanangu matonge, unaweka na tarehe. Siku hicho kitabu kikijaa, atakula nini?"

Wambeti alicheka. Si kwamba alikuwa mgeni wa jambo hilo. Yeye mwenyewe, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu "wapo," na hakuna mwanamke wa rika lake, Meru au Embu, ambaye angekuhesabia watoto wake kwa kidole, asije akawapoteza. Lakini ugali? Alhamisi alipoenda soko la Gakoromone kununua terere aliwasimulia wanawake wa mboga, nao wakashika mbavu. "Mwambie kikijaa tutamnunulia kingine!" mmoja alisema. Wambeti alirudi nyumbani na hilo neno na akamwambia mama mkwe wake vile vile lilivyo. Karambu alifunga leso yake kiunoni na kupanda kwenda kwake, na tangu siku hiyo hakutaja kitabu tena.

Hilo lilikuwa mwezi wa pili. Sukari mwezi wa tatu ilikuwa kumi na nne. Mwezi wa nne, kumi na sita. Sasa ulikuwa mwezi wa sita na ni kumi na tisa, na wiki sita.

Njiani kurudi kutoka kliniki, Wambeti alimsimamisha mume wake kando ya barabara, wazi, watu wakipita.

"Baba Kanana, unakula wapi?"

"Nyumbani."

"Na kwingine?"

"Kwingine wapi?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Kuna hoteli pale stendi. Kuna yule mama wa mandazi. Kuna wanawake wenye mashamba unayopigia dawa, wanajua kukaribisha."

"Mama Kanana, mimi na mandazi?" Alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha. "Sijala mandazi tangu mwaka jana. Naapa."

Aliapa kwa mandazi, na kuhusu mandazi alikuwa mkweli kabisa. Mwirigi alikuwa mwanamume wa kukubali kila anachoambiwa na yeyote aliye mbele yake. Watu walimsifu kwa hilo kanisani, wakisema ni mtu asiye na ugomvi. Aliyekuwa akiishi naye ndiye aliyejua kwamba mtu asiye na ugomvi huwaachia wengine wagombane kwa niaba yake.

Wambeti alimwamini. Na kwa kuwa alimwamini, akatafuta kosa mahali pekee lilipobaki, kwenye sufuria yake mwenyewe. Labda ngumi ya Mwirigi ni kubwa. Akaanza kumkatia nusu ngumi. Yai akaliondoa, nduma akaiondoa. Maharagwe aliyahesabu punje kwa punje, vijiko vinne vikawa viwili. Mwirigi alikula bila kulalamika, akapangusa sahani kwa kidole, akabeba pampu, akaenda. Mshipi wake ulirudi nyuma matundu matatu. Shingo ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Jumapili, mke wa mchungaji alimshika Wambeti mkono nje ya kanisa akamwuliza kwa sauti ya huruma, "Mzee wetu anaugua, ama ananyimwa?"

"Anaugua," Wambeti alisema. "Kunyimwa ndiyo dawa."

Ilikuwa wiki ya tano, siku ya Ijumaa, alipoingia duka la Mithika kununua chumvi. Mithika alikuwa mtu wa maneno mengi, na dukani maneno aliyatoa bure.

"Mama Kanana, kuna sherehe gani kwenu na hatualikwi?"

"Sherehe ipi?"

"Mama mzee ananunua sukari kilo mbili kila Jumamosi. Nilimwambia wiki jana, nyinyi watu wa Methodisti mmeanza kupika pombe? Akanitukania babu yangu."

Wambeti alilipa chumvi. Karambu aliishi peke yake, na sukari alikuwa ameiacha tangu meno ya nyuma yalipoanza kumwuma. Chai yake aliinywa bila sukari na kujisifu kwayo. Kilo mbili kwa wiki. Wambeti alitembea mpaka nyumbani akiwa na chumvi mkononi, na hakumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata alimpa Mwirigi chai yake, akamwangalia akichukua pampu na kupanda kuelekea langoni. Akangoja kidogo. Kisha akachukua jagi la maziwa, ili akikutana na mtu awe anaenda kuchukua maziwa, akafuata.

Pampu ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa mama mzee. Ndani, Mwirigi alikuwa ameketi kwenye kigoda chini, kama alivyokuwa akiketi labda alipokuwa na miaka saba. Mkononi alishika kile kikombe kikubwa cha bati, cha nusu lita, uji umejaa. Kando yake kulikuwa na viazi vitamu vya kuchoma, viwili vizima, na ganda la cha tatu. Gambuti ya kulia ilikuwa imevuliwa. Mguu wake ulikuwa mapajani mwa mama yake, karibu sana na moto, na mama yake alikuwa akikiosha kile kidole kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, polepole, akikipulizia kama cha mtoto.

Wambeti aliangalia uji. Ulikuwa mwekundu wa kahawia, mzito, na alijua wimbi lile lilikotoka. Hapa Kiirua hakuna wimbi la rangi hiyo. Lilitoka Kiritiri, lililetwa kwa gunia na kaka yake baada ya mavuno, na mwezi wa nne Karambu alishuka na gorogoro, kopo la kupimia nafaka, kuazima wimbi. "Tumbo langu linataka uji, Mama Kanana. Nitakurudishia." Wambeti alimpimia gorogoro moja, na kama inavyopimwa kwa mtu mzima, akaijaza mpaka ikafanya kilele na kumwagika pembeni. Alifurahi hata. Aliona kwamba baada ya miaka ishirini na minne huyu mama ameomba kitu cha Mbeere.

"Ni tangu lini, mama?" aliuliza.

"Tangu ulipoanza kuandika."

"Unamwua."

"Mimi?" Karambu hakuuachilia mguu. "Mimi ndiye nimemshikilia asiishe. Mwangalie shingo. Umemhesabia mpaka amebaki mifupa. Hiki ninachompa hakijahesabiwa na mtu. Hiki kinamkaa mwilini."

"Kina sukari! Mithika ameniambia, kilo mbili!"

"Sasa uji mchungu nimpe nani? Ndama?"

"Sukari ndiyo inamkata mguu, mama! Nilikwambia. Kanana alikwambia. Hata mchungaji alikwambia!"

"Mliniambia. Na mimi nikaangalia. Siku zote amekula sukari akiwa na nguvu. Ulipoanza kumwandika ndipo alianza kuisha. Mimi sikwenda shule, lakini macho ninayo."

Wambeti akamgeukia mume wake. "Na wewe? Kila jioni nakuuliza. Kila jioni unaniambia hakuna!"

Mwirigi alikuwa bado ameshika kikombe. Hakujua pa kukiweka.

"Ningesemaje, Mama Kanana? Nikatae cha mama?"

"Ungesema umekunywa uji. Ni maneno mawili!"

"Ungekuja kumgombeza."

"Na sasa ninafanya nini?"

Hapo Mwirigi aliinua macho, na hakuwa na hasira hata kidogo, jambo ambalo Wambeti hakulisahau. "Nilikuwa na njaa," alisema. "Hapo kwanza nilikuwa namridhisha tu, naonja naacha. Lakini ulipoanza ile nusu ngumi... Mtu hawezi kubeba pampu na nusu ngumi. Nilikuwa na njaa, Mama Kanana."

Wambeti alisimama na jagi lake tupu, akaelewa vile mambo yalivyokwenda, mwezi kwa mwezi: sukari ilipanda kwa sababu ya kikombe, yeye akakata sahani, alipokata sahani, mtu akakonda, alipokonda, mama akajaza kikombe. Wanawake wawili walikuwa wamemshika mwanamume mmoja huku na huku, kila mmoja akivuta kwa nguvu zake zote amwokoe kutoka kwa mwenzake.

Kisha aliuona ule mguu vizuri. Kando ya kidole, kwenye wayo ulioelekea moto, palikuwa na lengelenge kubwa kama yai, jipya.

"Huu moto hausikii?" aliuliza.

"Moto gani?" Mwirigi akasema.

Siku hiyo hiyo alimpeleka hospitali, bila kungoja tarehe. Kitabu alikiacha nyumbani. Alimwambia Runji kwa mdomo, akiwa amesimama, akiangalia ukuta: uji, sukari, viazi vitamu, kila siku, miezi mitano. Runji alichukua kalamu. Haki ilikuwa upande wake na haikumsaidia mtu yeyote.

"Sukari kiasi gani, mama? Daktari atataka kujua."

"Sijui."

"Hata kwa kukadiria?"

"Nimesema sijui! Kuna kitu hakikuandikwa, kama ulivyosema. Haya, umeshinda."

"Mama, mimi sikuwa nashindana."

Kidonda kilikuwa kimeingia kwenye mfupa, na lengelenge likafanya kazi iliyobaki. Walikata vidole viwili kwanza. Baada ya siku kumi na tatu wakakata chini ya goti.

Habari ilifika Kiirua kabla ya mgonjwa. Habari yenyewe ilikuwa hii: huyu wa Embu alimnyima mume chakula na akawa anamwandika kwenye kitabu kila siku mpaka mguu ukaisha. Kanisani uchaguzi wa akina mama ulifanywa mapema mwaka huo, na katibu akawa mwingine, mwanamke ambaye hata neno "mkutano" aliliandika kwa shida. Wambeti alingoja Karambu aseme neno moja. Mama mzee alikuwa na heshima katika lile kanisa, angesimama tu aseme, "Nami nilimpa uji." Karambu alikaa kwenye kiti chake cha mbele, akaimba nyimbo zote, akarudi nyumbani.

Basi Wambeti naye akaacha kumsalimia. Alitoboa ua upande wa chini, akatengeneza njia yake katikati ya viazi, akawa anatokea barabarani bila kupita langoni. Ilikuwa njia ndefu, na wakati wa mvua tope lilimfika kwenye vifundo. Aliipita miezi saba.

Mwirigi alikaa mlangoni kwenye kiti, akimenya viazi vya kupikiwa watu wengine. Aliendelea kukubali kila kitu. Mama yake alipotuma mtu kumwamkia, alijibu salamu. Mkewe alipomwambia asijibu, akasema sawa. Kitabu kiliendelea pia, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umebaki na sukari haikuwa imeenda popote. Ngumi ilirudi kuwa ngumi nzima, Runji alisimamia hilo mwenyewe. Sukari ilishuka mpaka nane. Wambeti alipoisikia hiyo nane alitoka nje ya kliniki akakaa kwenye nyasi. Ingeweza kuwa nane mwezi wa tatu.

Kurasa za mwezi wa pili mpaka wa saba alikuwa hazifungui. Hakuzichana. Zilikuwa safi, mistari imenyooka, na kila jioni imeandikwa Hakuna, na hakukuwa na ukurasa hata mmoja humo ambao ungeweza kuuamini.

Mwezi wa pili ulipofika tena, siku moja kati ya saa tatu na saa nne, Wambeti alikuwa anapepeta maharagwe uani alipoona leso ya Karambu ikishuka. Mama mzee alitembea kwa fimbo sasa. Chini ya leso alikuwa amebeba kopo. Mwirigi, pale mlangoni, alianza kuinuka, akakumbuka, akaketi.

"Hodi hapa," Karambu alisema.

Wambeti hakusema karibu. Hakusema ondoka.

Mama mzee aliliweka kopo chini, mbele ya ungo. Lilikuwa na wimbi. Halikuwa la Kiritiri, lilikuwa jepesi na lenye makapi, la kununuliwa.

"Ni lako," alisema. "Lile la mwaka jana. Nilienda mwenyewe Gakoromone, nikabadilisha na jogoo."

"Umetoka hapa mpaka Gakoromone na jogoo?"

"Nilimshika kwapani. Alikuwa na kelele."

Mwirigi akacheka mlangoni, peke yake, akanyamaza.

Wambeti aliendelea kupepeta. Kisha, bila kuinua uso, akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba miezi saba. "Mama, ulikuwa unamwekea sukari kiasi gani? Kila kikombe. Kliniki bado wananiuliza. Nataka niandike, kile kitabu kiwe na ukweli."

Karambu alifikiri. Alifikiri kweli, midomo ikimchezacheza, akakunja vidole vya mkono mmoja kama anayechota, akavifungua.

"Nilikuwa natia tu," alisema mwishowe. "Nilimwangalia uso, nikatia. Sikuhesabu, Mama Kanana. Hata ungenichinja sikuhesabu."

"Na kule kanisani? Ulipowasikia wakisema nilimnyima?"

Mama mzee aliangalia ile suruali ya mwanawe iliyokunjwa na kufungwa kwa pini. Wambeti hakurudia swali.

Akaweka ungo chini. Akachukua kopo, akaingia nalo stoo, akamwaga wimbi kwenye gunia. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, sawasawa, si zaidi. Aliporudi Karambu alikuwa bado amesimama.

"Halikuwa na kilele," mama mzee alisema. "Uliniazima likiwa na kilele, najua. Jogoo hakufika hapo. Nitakuletea kiganja nikipata."

Wambeti alimpa kopo lake.

"Wacha, mama. Hicho kilele kimeisha."

Karambu alilipokea, akaliweka chini ya leso, akangoja kidogo, kama mtu anayedhani bado kuna neno linakuja. Halikuja. Akageuka na fimbo yake, akaanza kupanda, na Wambeti akarudi kwenye maharagwe.